Insha ya Bahari

Madaftari thelathini na mawili, na yote yalikuwa yameiona bahari.

Mwalimu Severina Kalinga aliyafungua moja baada ya jingine juu ya meza ya darasa la nne, na katika kila moja alikuta maneno yale yale kwa mwandiko wa mtoto mwingine: "Bahari ni kubwa sana na maji yake yana chumvi. Mimi na baba yangu tulipanda meli. Tulifurahi mno." Alipofika daftari la ishirini aliacha kusoma. Akawa anafunua kurasa tu, kwa hasira, kama anayechambua maharage yaliyooza akitafuta walau punje moja nzima. Hakuipata.

Ilikuwa Februari 1955, kwenye shule ya misheni iliyojengwa mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Igowole. Mwalimu Edmund, mwenye darasa la nne, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na Severina, ambaye miaka miwili alikuwa akifundisha darasa la kwanza, aliambiwa amshikie darasa mpaka atakapopona. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa kike pekee pale shuleni. Wenzake walimwita "dada" hata walipokuwa wanamkemea.

"Nani kati yenu ameiona bahari?" aliwauliza watoto.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nani amepanda meli?"

Yohane, mvulana mrefu wa benchi la nyuma, akasimama. "Mwalimu, mimi nilipanda lori la chai mpaka Sao Hill."

Darasa likacheka. Severina hakucheka.

"Mbona hukuandika habari za hilo lori?"

"Halimo kwenye insha, Mwalimu."

Insha yenyewe ilikuwa mali ya Mwalimu Mkuu, Bartholomeo. Kila mwanzo wa mwaka aliiandika ubaoni kwa mkono wake, na darasa la nne wakaikariri mpaka wakaweza kuitamka usingizini. Mtihani wa kwenda shule ya kati ukitaka habari za safari, wataandika bahari. Ukitaka habari za sikukuu, watasema walikula sikukuu baharini. Ukitaka barua kwa rafiki, watamsalimu rafiki kwa mstari mmoja kisha watammwagia bahari yote.

Severina alifuta ubao. "Leo andikeni jambo mliloliona kwa macho yenu tangu Jumapili. Lolote lile."

Kalamu zilibaki hewani. Watoto walitazamana, wakamtazama yeye, wakautazama ubao mtupu. Mwishowe msichana mmoja wa benchi la mbele, mwembamba, mwenye kovu la moto kwenye kiwiko, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, tunakili wapi?"

Jina lake Paskalina. Swali lake lilimchoma Severina kuliko madaftari yote yale. Miaka minne mtoto huyu amekaa darasani, na amejifunza kwamba maneno yanatoka ubaoni tu.

Kesho yake aliwatoa nje, akawaketisha chini ya miti ya miwati nyuma ya kanisa. Aliwaambia wasimulie kwanza kwa mdomo, hata kwa Kihehe wakitaka, Kiswahili watakitafuta pamoja. Siku ya kwanza walizungumza watatu. Siku ya pili wakawa wanagombea zamu. Kumbe Yohane alikuwa fundi wa kusimulia! Alieleza jinsi babu yake anavyokata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi na jioni, na kuufungia kikombe cha mwanzi mkavu chini yake, na jinsi pombe ya ulanzi inavyodondoka tone kwa tone. "Babu anasema ukiukata kwa kisu butu, mwanzi unanuna," alisema, na darasa zima likamuuliza mwanzi unanuna vipi, naye akaeleza.

Mpaka mwisho wa Machi kila daftari lilikuwa na insha yake. Makosa yalijaa tele: herufi zimeachwa, nukta hazipo, maneno ya Kihehe yamechanganywa na ya Kiswahili. Lakini Severina alizisoma nyumbani kwake akisahau hata uji jikoni. Ya Paskalina aliisoma mara tatu. Kichwa chake kilikuwa "Somo la Kilimo."

"Siku ya Jumatano tuna somo la kilimo," aliandika Paskalina. "Somo letu ni shamba la Mwalimu Mkuu. Tunapalilia mahindi yake tangu kengele ya pili mpaka jua linafika juu ya kanisa. Mvua ikinyesha Mwalimu Mkuu anakwenda chini ya mti, sisi hatuendi. Nimejifunza kwamba mahindi ya Mwalimu Mkuu yanakua haraka kuliko ya mama yangu, kwa sababu mama yangu ana mikono miwili tu."

Mara ya kwanza Severina alicheka peke yake. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alichukua wino mwekundu akaandika chini yake: "Vizuri sana. Umeona sawasawa."

Hakufikiri kwamba daftari la mtoto lina wasomaji wengine.

Mwalimu Mkuu Bartholomeo alikuwa na desturi ya kukusanya madaftari ya darasa la nne kila mwisho wa mwezi. Jumatatu ya kwanza ya Aprili alipiga kengele kabla ya saa yake, akawapanga wanafunzi wote uwanjani, walimu wakajipanga kando. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Watoto wa mistari ya nyuma walionekana miguu tu. Akamwita Yohane, akasoma kwa sauti habari za ulanzi, akauliza kama shule ya Wakatoliki imegeuka kilabu cha pombe. Fimbo tatu. Kisha akamwita Paskalina.

Yake hakuisoma. Alilifungua daftari, akalitazama, akalifunga.

"Huyu ameandika matusi," alisema. "Inama."

Fimbo sita. Severina alizihesabu. Alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka hapo, mikono nyuma, kucha zimezama kwenye viganja. Ya kwanza ilipopigwa alisema moyoni kwamba ya pili ataizuia. Ya pili akasema ya tatu. Ya sita ilipigwa, na mdomo wake ulikuwa bado umefungwa. Paskalina hakulia. Alirudi kwenye mstari akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, na alipopita mbele ya walimu hakumtazama yeyote.

Kisha darasa la nne wakaamriwa kuchana kurasa zote za insha zao na kuzileta mbele, rundo moja.

Ofisini Bartholomeo hakupiga kelele. Ndivyo alivyomuudhi zaidi.

"Dada Severina, kaa."

"Nitasimama, Mwalimu Mkuu."

"Haya, simama. Mimi ni mtoto wa mchunga mbuzi. Insha hiyo niliipata kwa padre mmoja miaka ishirini na zaidi iliyopita. Nikaikariri, nikafaulu, ndiyo sababu leo navaa viatu. Mwaka jana vijana wanne wa shule hii wamekwenda shule ya kati kwa insha hiyo hiyo. Wewe na hadithi zako za ulanzi umempeleka nani?"

Severina alivitazama vile viatu, hasira ikamzidi juu ya hasira.

"Mtoto hafundishwi kuona," Bartholomeo aliendelea, akipanga karatasi mezani. "Kuona anaona tangu alipozaliwa. Anafundishwa kujibu. Na wino wako mwekundu nimeuona. Nimekustahi mbele ya watoto. Sitakustahi mara ya pili."

Jioni hiyo Severina alikuwa anachambua mboga mlangoni kwake alipomwona mama yake Paskalina anapanda kilima. Rozalia alikuwa mjane, msusi wa vikapu vya nyasi za milulu, na hata siku hiyo alikuwa amebana kwapani kikapu ambacho hakijakwisha, nyuzi zinaning'inia.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mama Paskalina. Karibu ndani."

"Sikuja kukaa." Rozalia alisema kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, kisha akakitupa na kuendelea kwa Kihehe. "Mwanangu amelala kifudifudi. Nimemuuliza ameiba nini, anasema hakuiba. Nimemuuliza ametukana nani, anasema hakutukana. Anasema ameandika. Sasa nimekuja uniambie wewe unayejua kusoma. Aliandika uongo?"

"Hapana, mama. Aliandika kweli tupu."

"Nani alimwambia aandike?"

"Mimi."

"Basi ulikuwa wapi fimbo zilipomshukia?"

"Nilikuwa pale pale."

"Ukafanya nini?"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yao.

"Sikufanya kitu."

"Aha." Rozalia alikipandisha kikapu chake kwapani. "Yule mzee namchukia, lakini namwelewa. Anapenda mahindi yake. Wewe sikuelewi. Ulimfungulia mtoto mlango halafu ukakaa ndani." Akageuka, akashuka kilima bila kuaga.

Severina hakula usiku ule. Alimchukia Bartholomeo, akaichukia na bahari ambayo hajawahi kuiona. Lakini kila alipotafuta pa kuitua hasira hiyo, ilimrudia mwenyewe, amesimama hatua kumi kutoka kwenye fimbo, mikono nyuma.

Siku nne baadaye alikwenda choo cha walimu, kile cha nyuma ya ghala. Ukutani palikuwa na msumari ambao kwa kawaida ulichomekwa magazeti ya zamani. Siku hiyo haukuwa na gazeti. Ulikuwa na kurasa za daftari, zimetobolewa katikati. Ukurasa wa juu ulikuwa wa mtoto aliyeandika jinsi dada yake alivyochukuliwa na homa. Chini yake Yohane na mwanzi wake. Severina alizitoa zote, kwa haraka hata akachana moja. Ukurasa wa Paskalina ulikuwa wa tisa, tundu la msumari limepita kwenye neno "mama," na wino mwekundu chini yake ungali unasomeka.

Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Ishirini na moja zilikuwa zimekwisha tumika.

Alitoka nje akasimama. Alitaka kwenda ofisini amtupie Bartholomeo usoni. Alitaka kupiga kengele mpaka kijiji kizima kije. Hakufanya lolote kati ya hayo, na safari hii hakunyamaza kwa woga. Alizikunja zile karatasi, akaziweka ndani ya kitabu chake cha maandalio, na tangu siku hiyo kitabu hicho hakikutoka mkononi mwake. Watu walimwona ametulia. Mwalimu Mkuu hata alimsifu, akasema dada amejirekebisha.

Mkaguzi wa shule alikuja Julai, baridi ikiwa imebana, umande umekuwa mweupe juu ya majani. Alikuwa Bwana Isakwisa, Mnyakyusa mnene aliyeshuka kwenye Landrova kutoka Mbeya akiwa amevaa makoti mawili. Bartholomeo alikuwa amewafunda watoto mwezi mzima. Uwanja umefagiliwa, mawe yamepakwa chokaa. Mkaguzi alisikiliza hesabu, akasikiliza katekisimu, kisha akaingia darasa la nne.

"Andikeni ukurasa mmoja," alisema. "Kichwa chake: Asubuhi ya Leo."

Watoto walimtazama Severina, kisha wakamtazama Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Bartholomeo alikohoa kidogo. Kalamu zikaanza kukimbia.

Bwana Isakwisa alipita kati ya mabenchi. Akainua daftari moja, akalisoma. Akainua la pili. La tatu. Akasimama.

"Asubuhi ya leo," alisema taratibu, "ninyi nyote mlikuwa melini?"

Akafika kwa Paskalina. Ukurasa wake ulikuwa mweupe.

"Na wewe, binti, mbona hukuandika?"

"Naogopa, Bwana."

"Unaogopa mtihani?"

"Hapana, Bwana. Naogopa kuandika."

Severina hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka ukutani. Alijiona tu yupo mbele ya mkaguzi, amefungua kitabu cha maandalio, anaziweka karatasi mezani moja moja, kila moja na tundu lake katikati.

"Huyu hakuzaliwa na woga, Bwana Mkaguzi. Hivi ndivyo alivyokuwa akiandika, yeye na wenzake. Walipigwa, wakaamriwa wazichane. Hizi nimezitoa chooni, kwenye msumari."

"Dada Severina!" Bartholomeo aliingia darasani kwa kishindo. "Una wazimu? Bwana Mkaguzi, huyu mwanamke tangu..."

"Sijamaliza, Mwalimu Mkuu." Sauti yake ilimshtua yeye mwenyewe. "Nilinyamaza Aprili. Leo sinyamazi. Mtoto huyu alipigwa fimbo sita, na mimi nilisimama nikahesabu. Soma, Bwana. Usinisikilize mimi, msome yeye."

Mkaguzi alisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho wa ukurasa midomo yake ilicheza, kisha ikatulia. Akawatoa watoto nje, akafunga mlango mwenyewe.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "somo la kilimo lina shamba la shule. Hili nitaliandika, na Padre wa misheni atasoma."

Bartholomeo alitazama sakafu. Hapo Severina alidhani ameshinda. Lakini Bwana Isakwisa alimgeukia yeye.

"Na wewe, umemvunjia heshima mkubwa wako mbele ya watoto. Hilo nalo nitaliandika. Ungeniletea karatasi hizi pembeni ningekusikiliza."

"Mtoto alipigwa mbele ya watu, Bwana, si pembeni."

Mkaguzi alivua koti la juu, akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani. Ghafla alionekana amechoka. "Mwalimu, nikuambie jambo. Mimi nimekaa meza moja na watu wanaosahihisha mtihani. Wanahesabu makosa ya herufi. Insha ya bahari haina kosa hata moja. Hii ya binti ina kumi na manne. Hakuna alama ya kuona kwa macho."

"Basi mnawafundisha kusema uongo kwa herufi nzuri."

"Dada!" alisema Bartholomeo.

"Wanne wamekwenda shule ya kati, sawa," Severina alisema, na machozi ya hasira yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Waliobaki wamerudi nyumbani na bahari kichwani. Nimewauliza. Hawawezi kuandika barua ya kumwita ndugu msibani. Miaka minne, Bwana! Wameingia wanaongea, wametoka mabubu, na ninyi wawili mnaniuliza habari za heshima."

Bwana Isakwisa aliinuka, akaukunja ukurasa wa Paskalina, akauomba kwa macho. Severina akatikisa kichwa kukataa, akauchukua. Mkaguzi akavaa koti lake, akaenda kwenye gari.

Tangu Agosti hakuna mtoto aliyepalilia shamba la Mwalimu Mkuu. Hilo lilipatikana, na Rozalia alileta kikapu kipya mlangoni kwa Severina, akakiweka bila kusema neno. Septemba Padre alimwita Severina, akamwambia kwa upole kwamba misheni haitahitaji kazi yake baada ya mwisho wa mwezi. Bartholomeo alibaki ofisini kwake. Severina alipanda basi la Mbeya, akafikia kwa shangazi yake Iyunga, na baada ya kuzunguka wiki sita akapata kazi kwenye shule ya serikali ya wenyeji, darasa la kwanza, watoto sitini na saba.

Januari ilimfikia barua ya kurasa nne. Ilikuwa sauti ya Rozalia mwandikoni mwa Paskalina: habari za mvua, za mbuzi aliyezaa mapacha, za Mwalimu Edmund aliyerudi amekonda. Kwenye ukurasa wa tatu sauti ilibadilika. "Sasa ni mimi Paskalina ninayesema, mama amekwenda kuchota maji. Katika mtihani walitaka insha ya safari. Niliandika safari yangu na mama kwenda Iringa mjini kuuza vikapu, tulipolala njiani kwa Walutheri. Sikuandika bahari. Wavulana wawili wa bahari wamefaulu. Mimi cheti changu kimeandikwa 'Ameshindwa'. Mwalimu, nilikosea wapi?"

Severina aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, na hasira iliyopanda ilimfanya aone giza. Siku ya pili aliomba ruhusa, akatembea kwa miguu mpaka mjini, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Isakwisa tangu saa tatu mpaka saa saba.

"Nataka kujua alikosea wapi," alisema alipoingia, akaiweka barua mezani.

Bwana Isakwisa aliisoma yote, hata habari za mbuzi. Akafungua kabati, akatoa orodha ndefu, akashusha kidole.

"Alipata alama za kutosha," alisema mwishowe, bila kuinua uso. "Nafasi za wasichana zilijaa. Aliyekosa nafasi anaandikwa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Ameshindwa?"

"Ndiyo fomu ilivyo."

"Basi ninyi ndio mmeshindwa, Bwana Isakwisa. Hamkumjengea shule, halafu mkamwandikia yeye kosa." Akaichukua barua yake. "Niandikie jambo hilo kwenye karatasi. Kwa mkono wako, na jina lako chini."

"Siwezi kufanya hivyo."

"Unaogopa?"

Bwana Isakwisa alimtazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, na karatasi zilikuwa tele mezani. Dirishani lori lilipita likitoa moshi, likapanda mtaa, mlio wake ukapotea, na bado hakuandika.

Severina alitoka. Mvua ilimkuta njiani, akafika Iyunga amelowa chapachapa, hakubadili hata nguo. Aliketi akamwandikia Paskalina kila kitu kama kilivyosemwa ofisini: alama zilitosha, nafasi zilijaa, jinsi fomu ilivyo, mkaguzi aliyeshika kalamu asiandike. Hakupamba, hakumpoza. Mwisho akaongeza: "Hukukosea popote. Januari ijayo kuna mtihani wa kuingia shule nyingine ya kati, ya wasichana, na mimi nitakuja kukufundisha likizo ya Juni, kwa mama yako, si shuleni."

Jumatatu aliingia darasani na hasira yake nzima. Watoto sitini na saba walisimama wakaimba, "Shikamoo Mwalimu," kisha wakautazama ubao, wakingojea.

"Geukeni," aliwaambia. "Tazameni dirishani. Nani ataanza?"